Walimu Wawili wa Revati

Miraj, 6 Novemba 1961

Shikamoo Mama Mdogo Shalaka,

Hili sijamwambia mtu, hata marehemu Mama kwenye picha yake: najifunza kuimba kwa Ustadh Jamadar. Ndiyo, huyohuyo hasimu wa Baba.

Habari za Pune? Kikohozi kimepoa? Sisi wazima.

Nilianza kwa kukaa jikoni na mkewe, tukimenya njegere, nikimsikiliza Ustadh na kumfuatisha chinichini. Siku moja akachungulia. "Kumbe binti Gavandi! Baba yako anaimba kama karani anayekagua hesabu, lakini koo hilo ni la kwetu." Niliona haya, ila sikuondoka.

Baba alinifunga uzi wa uanafunzi mkononi nikiwa mdogo. Aliyefungwa uzi haimbi mtindo wa mwalimu mwingine. Sasa ananifundisha wimbo wa mchezo wake mpya wa jukwaani, wa waimbaji wawili mahasimu, na kila nikipanda juu, sauti inakwenda kwa Ustadh yenyewe. Baba akijua, ataukata uzi. Nifanyeje?

Mwanao,
Revati

Pune, 15 Novemba

Revati mwanangu,

Marahaba. Kikohozi kimekwisha, nimebaki nacho kama kisingizio cha kutopika.

Mama yako aliwahi kumwambia baba yako, mbele ya wageni, kwamba ameimba vibaya. Wewe umetoka tumbo hilo. Imba kinachotoka kooni, ila usimwibie huyo Ustadh wako. Ukumbi mzima ujue ni cha nani.

Mama yako mdogo,
Shalaka

Miraj, 3 Desemba

Shikamoo Mama Mdogo,

Natumaini u mzima. Jana mchezo wa Baba ulifunguliwa, ukumbi ukafurika, yeye mwenyewe akinipigia kinanda. Ustadh alikaa mbele kabisa, amekuja kumcheka Baba. Wimbo wangu ulipoisha watu wakapiga kelele, "Rudia! Rudia!" Safari ya pili, kabla ya kupanda juu, nilimtazama Ustadh nikagusa sikio langu, kama tufanyavyo tukimtaja mwalimu. Kisha nikaimba ya kwake, yote.

Kinanda cha Baba kikanyamaza. Nikaendelea peke yangu. Halafu kinanda kikarudi, taratibu, kikinifuata huko juu ambako hakijawahi kufika. Ustadh alilia mbele za watu, Mama Mdogo!

Tangu tulipofika nyumbani Baba hajaukata uzi, wala hajanitazama.

Nasikia nyayo zake sebuleni, zinakuja huku. Siku zote ningeusukuma ukurasa huu chini ya godoro. Leo nauacha mezani, wazi, jina la Ustadh likisomeka. Akiuliza nimefundishwa na nani, nitawataja wote wawili, na wa kwanza ni yeye.

Amefika mlangoni.

Mwanao,
Revati