Naulet Yenye Kofia

Anse-aux-Saules, 3 Desemba

Mpendwa mpwa wangu Colombe,

Salamu nyingi kama theluji iliyoziba mlango wangu leo. Hujambo? Binti yako Maëlle hajambo? Mimi ni mzima, isipokuwa goti, na goti lenyewe linaniogopa kuliko linavyomwogopa daktari.

Binamu yako Ginette ameniambia mnakuja Krismasi. Basi msipite bila kufika Kijiji cha Kale, pale makumbusho. Siku hizi mimi ndiye mhunzi wao, mhunzi wa mwaka 1852. Watu wanatoka hata Ufaransa kuniona nikigonga chuma. Mwezi uliopita nilimvalisha kulungu viatu vya chuma, dume lenye pembe pana kama milango ya kanisa, naye akanishukuru kwa kuinamisha kichwa. Bi Hermance, msimamizi wetu, alinuna. Wivu tu.

Sharti la pale ni moja: kengele ya asubuhi ikilia tuko 1852, mpaka kengele ya kufunga. Hatujui simu, hatujui ndege. Sharti hilo nalijua kuliko aliyelitunga.

Miaka kumi na mmoja bila kuonana ni mingi, mtoto wa dada. Nijibu.

Mjomba wako na baba yako wa ubatizo,
Alphée


Calgary, 10 Desemba

Mjomba Alphée,

Salamu. Sisi hatujambo. Natumaini goti lina nafuu.

Maëlle ana miaka tisa na maswali mia. Nguruwe wa 1852 wanajua kuwa ni Krismasi? Jino likiuma mnafanyaje? Mkibanwa mnakwenda choo gani? Nimemwambia atakuuliza mwenyewe.

Lakini mimi nina langu, na nalisema wazi. Siku ya mazishi ya mama uliwatangazia watu kwamba alikata roho ukiwa umemshika mkono, na mimi nimesimama palepale nakusikia. Hukuwepo, mjomba. Niliyekuwepo ni mimi, mkono mmoja umemshika yeye, mwingine unakupigia simu. Kulungu wako sina neno naye, mvalishe hata kofia. Ila nataka kusikia neno moja la kweli kutoka kinywani mwako juu ya siku ile. Nikilikosa, Maëlle hatakuwa na babu anayeitwa Alphée.

Tutafika tarehe 20.

Mpwa wako,
Colombe


Caraquet, kwa Ginette, 20 Desemba

Mjomba,

Sikuulizi hali. Nimeiona leo kwa macho yangu, umenona.

Nimeingia kwenye karakana yako mbele ya wageni wote nikasema, "Mjomba, ni mimi." Ukanitazama usoni, nyundo mkononi. "Karibu, bibi mgeni," ukasema. "Sura yako siijui. Umekuja kwa farasi au kwa miguu?"

Watu wakacheka. Nimetoka Calgary kuja kuchekwa? Nilitoka nje nikalia nyuma ya zizi la kondoo, kondoo wananiangalia. Maëlle alibaki ndani anashangaa mvukuto wako. Tangu turudi hataki kuongea na mimi, anaandika tu kwenye daftari lake.

Usituandikie tena.

Colombe


Anse-aux-Saules, 21 Desemba

Mpwa wangu Colombe,

Umenikataza kuandika, naandika. Hali yangu iache kwanza.

Yule mwenye shali ya kijivu nyuma yako alikuwa Bi Hermance. Nimeshaonywa mara mbili: mara ya kwanza kwa ajili ya kulungu, mara ya pili kwa kumwambia Mjerumani mmoja kwamba theluji ilianzia kwenye shamba la babu yangu. Onyo la tatu ni kuonyeshwa mlango, na hakuna mahali pengine duniani ambapo watu wanasimama kunisikiliza. Basi nikabaki 1852. Mwaka mzima navunja sharti, siku niliyolishika ndiyo siku uliyokuja wewe. Mjinga gani huyu?

Ulipotoka, mtoto akaniuliza, "Mhunzi, wewe huna ndugu?" Nikamjibu, Bi Hermance anasikia, wageni wanasikia. Nilichosema muulize yeye. Nikikiandika mimi utasema nimepamba.

Halafu fungua mkoba wake. Wageni wengine wote walipewa biskuti za duara. Yeye nilimpa naulet yako. Tangu nikusimamie ubatizo sijakosa Krismasi hata moja kukuokea huyo mtoto Yesu wa biskuti, na hii miaka kumi na mmoja nimekuwa naoka, halafu nakula mwenyewe nimesimama. Mtoto Yesu wa watu wengine yuko kichwa wazi. Wako ana kofia, kwa sababu ulipokuwa na miaka minne ulilia kwamba atashikwa na baridi.

Mjomba wako, ukikubali,
Alphée


Caraquet, 24 Desemba 1852

Kwa Bwana Mhunzi,

Hujambo? Goti halijambo? Mimi ni Maëlle, yule wa mvukuto. Nimeandika mwaka wenu huo ili Bi Hermance asikufukuze.

Barua yako ilipofika mama aliniambia nimsomee daftari. Nikasoma hivi:

"Mhunzi amesema alikuwa na dada, anaitwa Léona. Siku dada anakufa, mhunzi alikuwa kwenye barafu anavua samaki. Mpwa wake alimwita, akasema ngoja nipate mmoja tu. Alipofika dada ameshafunikwa shuka. Akaona aibu kwa watu, akasema alimshika mkono. Nikamuuliza: huyo samaki alikuwa mkubwa? Akasema: mdogo."

Mama akaniuliza, "Alisema mdogo?"

Nikamwambia ndiyo, akanionyesha kwa kidole, hivi.

"Alphée Duguay kasema samaki wake alikuwa mdogo," mama akasema. Akaketi. "Basi ni kweli."

Naulet tumekula miguu. Kofia amekataa isiguswe.

Tarehe 27 mkifungua tutakuja. Mama anasema umuulize tena kama amekuja kwa farasi au kwa miguu. Atakujibu kwa miguu. Halafu umuulize ni nani, atasema yeye ndiye yule mpwa. Nimesoma kibao chenu cha masharti pale mlangoni, hilo hawakulikataza.

Choo hukunijibu.

Mjukuu wako,
Maëlle