Chai ya Wageni wa Nzega

Mpwa wangu Zuhura,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Hapa Tabora hakuna anayefungua gunia la majani ya chai sokoni kabla hajauliza mjomba wako yuko wapi. Mama yako mzima, kikohozi kimemwacha.

Unauliza majani ya muuzaji yupi yanafaa mgahawa wako. Basi sikia. Wakwe walipokuwa wanakuja kutoka Nzega kumposa mama yako, bibi yako aliniambia, "Wale ni wanywaji. Chai ikiwa kama maji ya kuoshea sufuria, tumeumbuka."

Nikaleta majani ya wauzaji watatu, nikayatia kwenye maji baridi. Ya mmoja yakatoa rangi papo hapo. Nikayatupa, yalikuwa yametiwa rangi. Mengine tukayachemsha, nikaonja kwa mbwembwe, nikasema, "Hii hapa!" Wageni wakaomba vikombe vya pili, na mama yako akaolewa.

Tangu hapo naitwa Ulimi. Ila wewe nikwambie: siku ile ya kuonja, kikombe cha kwanza kiliniunguza ulimi, sikusikia ladha tena. Nilimtazama bibi yako tu. Alipoonja cha muuzaji wa pili alifumba macho akanyamaza, yeye ambaye hata akila alikuwa hanyamazi.

Mjomba wako,
Ramadhani