Mchanga Mweusi Kwenye Gurudumu la Omena

Jumapili jioni, Migori. Jua limewaka tangu asubuhi, na mimi nimewaka kulishinda.

Naandika mikono ikinuka grisi. Nisipoandika nitavunja kitu.

Nianze na gari. Omena ni gari langu kuukuu la michezo, la milango miwili, dogo na la rangi ya fedha. Majirani ndio waliolibatiza jina la wale samaki wadogo wa ziwani wanaong'aa. Wananicheka: mwuza mbegu na dawa za mifugo, tena mama ya mtoto, anatafuta nini kwenye gari la vijana? Nalipenda. Sina maelezo zaidi. Na ndilo linalompeleka Mama kliniki. Tangu mvua za masika mikono yake inatetemeka, chai inamwagika kabla kikombe hakijafika mdomoni. Tumepima damu, tumepima presha, madaktari bado wanakuna vichwa.

Basi taa ya ABS ikaanza kuwaka kwenye dashibodi. ABS ni mitambo ya kuzuia magurudumu yasijifunge ukikanyaga breki ghafla. Ya Omena ikashikwa na wazimu. Napunguza mwendo polepole nikifika kwenye matuta, pedali inanitetemekea mguuni, na gari linaendelea mbele kana kwamba sikukanyaga kitu. Kule mjini Awendo nusura niingie chini ya trela la miwa. Binti yangu Neema, wa miaka mitatu, alikuwa kiti cha nyuma anaimba.

Fundi wa kwanza akabadilisha pedi za breki. Wa pili akamwaga mafuta ya breki akatia mengine. Wa tatu, mwenye maneno mengi kuliko spana, akanirudishia gari taa ikiwa imezimika. Nikamshukuru! Nikamnunulia soda!

Jana ndipo nikazinduka. Ukiwasha gari, taa ya ABS lazima iwake kidogo kisha ijizime yenyewe. Ndivyo gari linavyojipima. Hii haikuwaka hata kidogo. Nikafungua dashibodi. Fundi yule wa tatu alikuwa ameng'oa balbu. Nikampigia simu, na hakuona haya hata chembe.

"Madam, si ulisema taa inakusumbua? Sasa imezima. Shida iko wapi?"

Nikakata simu kabla sijamtukania ukoo mzima.

Leo nikaamua kujifanyia mwenyewe. Nikaazima kifaa cha kusoma hitilafu za gari, kikanionyesha gurudumu la mbele kushoto. Nikapiga jeki, nikaweka mawe nyuma ya magurudumu, nikashika spana. Pale nyuma ya gurudumu kuna sensa, kidude chenye sumaku kinachosoma mzunguko wake. Kikishindwa kusoma vizuri, ABS hudhani gurudumu limejifunga, nayo huachilia breki. Nikakichomoa.

Kilikuwa kimeota ndevu. Mchanga mweusi, laini, umesimama kwenye sumaku.

Niliujua papo hapo. Mimi ni mtoto wa Macalder, kwenye machimbo ya dhahabu. Nilipokuwa mdogo kazi yangu ilikuwa kupitisha sumaku ya spika mbovu juu ya karai la Mama, ninase mchanga huo ili ibaki dhahabu. Kwingine sijauona kwa wingi namna hiyo. Na tangu nimhamishe Mama kutoka kule, akaapa ameacha kuosha dhahabu, mimi sijarudi, wala Omena sijalipeleka.

Siku ninazokuwa dukani gari huendeshwa na mdogo wangu, Ouma. Kila Alhamisi humpeleka Mama Homa Bay kumwona dada yake. Hapa hadi Homa Bay ni lami tupu. Mchanga wa Macalder umepanda vipi?

Nikamwita Ouma. Alipoona nilichoshika, akaanza kuangalia viatu vyake.

"Sister, usinikasirikie. Mathe ndiye alisema tusikuambie. Anaosha tu kidogo, anaona marafiki zake, tunarudi."

"Anaosha na nini?"

Akainama kukaza kamba za kiatu.

"Ouma, nakuuliza, anaosha na nini?"

"Si hiyo mercury yao tu. Kila mtu huko anatumia."

Zebaki! Tena kwa mikono mitupu. Mimi ninayeuza sumu za kupe na wadudu, ninayewafokea wakulima kila siku wavae glavu! Zebaki hula neva za mtu, na moshi wake ndio mbaya zaidi. Mikono hutetemeka. Daktari alimwuliza Mama mbele yangu kama anaishika, na Mama akajibu, "Zamani sana, daktari," huku akimtazama machoni. Miezi yote hii tunatafuta ugonjwa, naye alikuwa anaujua mlango wake.

Nikamkuta Mama, ambaye Neema humwita Dani, yaani bibi, yuko kibarazani anamsuka mtoto, vidole vikitafuta nywele na kuzikosa. Nilipiga kelele mpaka jirani akafunga redio asikie vizuri. Tulisema kwa Dholuo. Kwa Kiswahili nimeyapunguzia makali.

"Kwako nakula na kulala," Mama akasema. "Kule mimi ni mtu. Wananiuliza, Mama Achieng', hili jiwe lina kitu? Wewe unaniuliza tu kama nimemeza dawa."

Iliniuma kwa sababu ni kweli. Lakini hasira haikupungua.

Kisha nikakumbuka jambo. Dhahabu ikishashikana na zebaki lazima ichomwe, zebaki itoke kwa moshi. Nikauliza wanachomea wapi. Nilitaka sana kusikia kwamba ni huko huko.

Mama akaendelea kusuka. Ouma, aliyekuwa amenifuata, akajibu kwa sauti ndogo.

"Huko wakijua umepata, wanakuvamia. So tunachomanga hapa."

"Hapa wapi?"

Akaonyesha kwa kidevu. Jikoni kwangu.

Na Neema, ambaye hakuna aliyemwuliza, akainua kichwa kwa furaha kama mtoto anayetaka naye asifiwe.

"Mimi hupulizia Dani moto!"

Mikono ya Mama ikakwama kwenye nywele. Nimemwona Mama akizika watu, sijawahi kumwona na uso ule. Nadhani alikuwa amekubali kufa yeye, polepole, kwa siri yake. Hili la mjukuu hakuwa amelipigia hesabu.

Sikuwa na kelele zilizobaki. Nikaingia jikoni nikatoa jiko, sufuria, vijiko, hata mwiko mpya, nikavitupa nje. Ouma akavikusanya bila kutumwa.

Halafu nikarudi kwa Omena, kwa kuwa sikujua pa kuiweka mikono. Nikaisafisha sensa mpaka ikang'aa, nikairudisha mahali pake, nikatia na balbu mpya kwenye dashibodi. Nikawasha. Taa ikawaka, ikajizima. Nikazunguka mtaa nikikanyaga breki kila mahali, na gari likasimama kila nilipolitaka lisimame. Nililia kwenye usukani, si kwa furaha.

Bado nina hasira na yule fundi. Nina hasira na Ouma, na kwa Mama sijui hata niiite nini. Kesho duka litabaki limefungwa. Alfajiri tunaenda hospitali sote wanne, na safari hii daktari ataambiwa kila kitu.

Mama hajaniomba msamaha. Amekuja sasa hivi mlangoni, mikono ameificha ndani ya leso, akasema neno moja akaenda kulala.

"Wampime mtoto kwanza."