Hotuba ya Rabi Kabla ya Pasaka

Mama yangu,

Shikamoo. Mguu umepoa? Na Baba bado anabishana na nesi kuhusu kuacha sukari? Mimi huku Kanada ni mzima wa mwili, moyo ndio haujazoea. Idi nilikula pilau nimesimama jikoni, maana kukaa mezani peke yangu kulinishinda.

Yule mzee ninayemtunza ni rabi, yaani ndiye shehe wa Wayahudi. Amestaafu, lakini Sabato ya kabla ya Pasaka yao wenzake bado humwachia yeye hotuba. Wiki nzima alikuwa na hotuba mbili, hajui aache ipi. Moja ya mambo ya nyumbani: namna ya kuondoa kila chenye hamira, maana siku za Pasaka ni mwiko kwao, sufuria zipi zichemshwe, kabati zipi zifungwe. Ya pili ya kutia moyo: Nabii Musa, bahari kupasuka, watumwa kutoka Misri. Alinisomea zote huku nikisugua jiko lake.

"Ipi, Mwanahawa?"

Unaujua mdomo wangu. "Babu, ya kwanza itawachosha, ya pili itawaliza. Lakini yule bibi jirani anayeishi peke yake, hana hata wa kumsogezea kabati, ataondoka na nini?"

Alinuna. Kisha akauliza, kwenu je? Nikamwambia kwetu kabla ya Idi khatibu hukumbusha zaka ya fitri itoke kabla ya swala, asiwepo wa kushinda njaa, na sinia za pilau hupishana vichochoroni mpaka hujui umekula cha nani.

Akayaweka chini makaratasi yake. "Sisi usiku wa Pasaka tukishakaa mezani husema: kila mwenye njaa na aje ale. Lakini tunayasema hayo mlango tukiwa tumeshaufunga."

Sabato nikampeleka sinagogi, ndio msikiti wao, nikakaa nyuma kabisa. Makaratasi yote aliyaacha nyumbani. Akawaambia hamira mnaijua, Musa mnamjua. "Nataka kujua jambo moja. Nani hana pa kula usiku wa Pasaka? Anyanyue mkono."

Mama, hakuna aliyenyanyua. Watu wazima na makoti yao mazuri wakatazama viatu. Bibi jirani naye akatazama vyake, nami najua hana mtu. Rabi amesimama tu, anasubiri, nikamwonea huruma. Halafu nikajifikiria mwenyewe. Mwanawe Rabi anakuja kumchukua wakale sikukuu mji mwingine, na mimi nabaki na kabati zilizofungwa, hata kipande cha mkate hakuna.

Nikanyanyua mimi. Muislamu, mfanyakazi wa ndani, kiti cha mwisho.

Watu wakageuka. Nilitamani ardhi inimeze. Miaka yote huku sijapata kumwambia mtu kwamba nina upweke. Kisha bibi jirani akanyanyua wake, polepole, kisha mzee mmoja wa mbele, kisha wengine. Wenye meza kubwa wakaanza kugombea wageni. Mimi na bibi tumechukuliwa na mama mmoja mwenye watoto watundu, mtaa wa pili.

Msalimie sana Baba. Mpe salamu shangazi wa Kiwangwa na mananasi yake, na kaka huko Saadani mwambie ukimya auachie samaki anaowakausha.

Majirani wakikuuliza, sema mwanao ana pa kula sikukuu. Kwamba alinyanyua mkono, hilo libaki kwetu wawili.

Mwanao akupendaye,
Mwanahawa