Kibanja cha Kaka Ndani ya Mashine

Kimuli, Karagwe
Aprili 1999

Mwanangu Protase,

Marahaba. Nimetangulia kuitikia, maana najua ukifungua barua hii utasema shikamoo Tata hata kama uko peke yako, na mimi sipendi kukaa na deni la salamu. Hujambo huko Mwanza? Masomo yanakwendaje, na hao samaki wa kila siku hawajakuotesha magamba? Sisi tunaendelea. Mama yako Adelgunda mguu umeacha kumsumbua, ila mdomo wake bado unanisumbua mimi. Migomba imeshiba mvua, na daraja la bondeni limekwenda na maji.

Sasa kaa chini. Nakuandikia habari za ile mashine yako ya zahanati, uliyoifunga ili tuzungumze na hospitali kwa redio. Ulitujulisha siku ile kwamba mfumo wake, hiyo Linux, haufichwi, kila mtu anaruhusiwa kuufungua na kutazama ndani. Nikauliza, hata wezi? Ukacheka sana. Wiki iliyopita ningecheka mimi, lakini meno yalikuwa yanagongana.

Kulikuwa na mama mjamzito, siku zake bado, akaanza kutokwa damu. Muuguzi Celestin alimtazama akasema huyu hazalishwi hapa, anahitaji kisu, gari la hospitali liitwe upesi lipitie njia ya juu. Dada yako Dafroza, anayeiendesha mashine tangu uondoke, akaandika ujumbe. Mashine ikaupokea, ikakaa nao kimya kama mke aliyenuna. Redio haikutoa hata mluzi.

Celestin alishikilia bango kwamba ni mlingoti. Akaupanda kwenye mvua na koti lake jeupe, akashuka ana rangi ya tope, mlingoti mzima. Betri za sola nazo nzima. Mimi nilishauri mashine ipigwe kofi, nikafukuzwa. Nikaenda kusimama karibu na chumba alicholala yule mama. Nikimsikia anaguna namshukuru Mungu. Akinyamaza nasogea mlangoni.

Nilirudi kwa Dafroza. Akanieleza, huku anaendelea kubonyeza, kwamba kiini cha mfumo hakibebi kila kitu mgongoni. Vipande vingine, moduli, huitwa vinapohitajika, na kila kimoja kina masharti yake, kipite mlango gani, kiitikie kengele ipi. Ile kadi inayozungumza na redio ina masharti yake, na uliyaandika wewe, kwenye chumba cha ndani ya mashine kiitwacho etc, katika faili liitwalo conf.modules. Akalifungua, kila mstari ulikuwa kama ulivyouacha. Akalifungua tena, hivyo hivyo. Nikasema basi mashine haijui kusoma. Akaniambia, Tata, nyamaza kidogo. Mtoto niliyemzaa mimi! Nikanyamaza.

Akaizima, akaiwasha, na safari hii akasoma yale maneno yanayopita kwenye kioo inapoamka, ambayo sisi wote huyaacha yapite kama mbuzi wa jirani. Ghafla akajishika mdomo.

Kumbe mapema mwezi huu tulipata printa, nayo ilihitaji kuandikiwa masharti. Dada yako akaogopa kuandika kwenye faili lako. Alisema kile ni kibanja cha kaka, hawezi kuchomeka mgomba wake humo na mwenyewe hayupo. Akafungua kibanja chake pembeni, chumba kile kile, akakiita modules.conf, jina ambalo mfumo huu mpya tulioletewa mwaka huu ndilo unalolitaka, akaandika mstari mmoja wa printa, na tangu siku hiyo hatukuwa tumeita hospitali. Sasa mfumo mpya hulivumilia lile jina la zamani pale tu jipya linapokosekana. Likiwepo jipya, la zamani hauligusi. Ni kama marehemu Sebahire jirani yetu alipooa wa pili: chungu cha nyumba kubwa kilichemka mpaka kikaungua, mzee hata kuchungulia.

Basi heshima ndiyo iliyotufunga. Dawa ilikuwa kuihamishia mistari yako kwenye faili lake. Protase, akagoma! Alisema kung'oa machipukizi shambani kwa kaka bila ruhusa ni wizi, akuulize kwanza. Akuulize kwa kutumia nini, filimbi? Nikamwambia vibanja vyote vya nyumba hii nimekata mimi, na bado napumua, ng'oa. Hakugusa hata herufi. Ndipo nikamuuliza kaka yake atakasirikia lipi zaidi, machipukizi, au kilichomo chumba cha pili. Akaanza kulia, akaandika huku analia. Mashine ikawashwa upya, na redio ikalia kama senene kwenye kikaango. Ujumbe ukaenda. Gari likaja.

Mwanangu, mama yule ni mkeo Stephania.

Nimeliweka hapa mwisho kwa sababu nakujua. Lingetangulia, ungetupa barua ukakimbilia stendi, na Dafroza angebaki bila kueleweka. Usimgombeze. Amelia vya kutosha.

Mama yako alipanda gari pamoja naye. Kutoka hospitali tumepata ujumbe mmoja tu: kisu kimepita, mtoto ni wa kike, mdogo lakini analia kwa nguvu, Stephania amepoteza damu nyingi na bado hajatambua watu. Tangu hapo tunasubiri. Dafroza haondoki kwenye mashine, na mimi siondoki kwa Dafroza. Mashine yetu haifiki kwingine zaidi ya hospitali, ndiyo maana barua hii nampa Nsabimana wa Nkwenda, anapeleka lori la ndizi huko huko Mwanza. Akishapakua anarudi. Panda naye, hata juu ya magunia.

Dada yako anakusalimu, anauliza lile faili la zamani alifute au aliache. Celestin anakusalimu, koti limetakata. Majirani wote wanawaombea, hata wale nisiosalimiana nao.

Na mtoto hana jina. Kwa desturi ningempa mimi, babu yake, na majina ninayo mengi, mengine ya kuchekesha. Safari hii nimeogopa. Hicho ni kibanja chako, nami siingii humo mwenyewe hayupo. Njoo.

Baba yako anayekungoja,
Telesfori Rwegasira