Damu ya Mama Imezidi

Jumatano. Mvua ya mchana imekatika, lakini ukungu bado umelala juu ya kilima cha Manga. Nimefungua daftari la Kemia nikalifunga.

Leo hospitalini tumejua ugonjwa wa Mama.

Daktari si mtu wa huku, hivyo nilimtafsiria Mama kwa Ekegusii, lugha yetu. Daktari alisema majibu ya vipimo kutoka Nairobi yamethibitisha: uboho wa mifupa yake unatengeneza chembe nyekundu kupita kiasi. Damu imekuwa nzito. Inaweza kuganda na kuziba mshipa wa ubongo.

Sehemu hiyo ya mwisho sikuitafsiri. Nilimwambia tu kwamba damu yake inachelewa njiani.

Niliona aibu pia. Mama alipoanza kupata kizunguzungu akichuma majani chai, kila jirani alisema amepungukiwa na damu. Nikampikia chinsaga, zile mboga chungu wanazopewa waliojifungua. Nilizilaza kwenye maziwa, nikamsimamia mpaka amalize sahani. Nikamletea na vidonge vya kuongeza damu. Alipojikuna baada ya kuoga maji ya moto, nilimtania kwamba sabuni imemkataa, kumbe ni ugonjwa huohuo.

Daktari alisema mboga hazina kosa. Vidonge aviache. Kisha akasema Mama atolewe damu, mfuko mmoja, leo hii.

Mama akacheka.

“Nimezaa watoto watano nikitafuta damu, leo mnataka kuimwaga? Kama inachelewa, ichelewe. Hata wewe huchelewa kanisani kila Sabato.”

Akachukua leso yake, akasimama. Daktari akaniuliza amesema nini. Nilijua anaondoka kwa sababu yangu.

Nikamshika mkono, nikamwambia lile nililolificha. Lote, mpaka ubongo.

 Akaketi tena, akakunja mkono wa sweta.

“Ungeanza na hilo, mwalimu wangu.”

Damu ilitoka nyeusi, polepole. Mama aligeuza uso asiione. Mimi niliitazama mpaka mfuko ukajaa.

Jioni hii anasema kichwa kimepungua uzito kidogo, na ameomba chinsaga. Nimezilaza kwenye maziwa kama kawaida.

Tutarudi Jumatano ijayo. Nitatafsiri kila neno, hata lile litakalonitetemesha. Na huenda, Mungu akipenda, mojawapo likawa zuri.