Benchi ya Juu

Kuhmo, 4 Februari 1945

Mwanangu Tauno,

Habari za hospitali? Hapa tunasukuma siku, ng'ombe kazaa. Muuguzi ameniandikia kwamba mguu wa bandia umeutupa chini ya kitanda, na mazoezi hutaki hata kuyasikia. Haya, lala. Vita vyenu na Warusi vimekwisha, nani atakuamsha? Wala usihofie ngazi za sauna. Benchi ya juu tumeishusha, mtu anaoga mvuke miguu ikiwa sakafuni.

Mama yako

Helsinki, 20 Februari

Mama mpenzi,

Salamu nyingi, natumaini hamjambo. Mbona mnanidhalilisha? Benchi ya chini ni ya watoto na wagonjwa! Mimi nimekaa juu, kwenye mvuke mkali, na wanaume tangu nina miaka kumi na miwili. Huku kila Jumatatu daktari anatuhutubia tusimame kwa ajili ya taifa. Taifa! Limenipa nishani ya bati na mguu wa mti unaonichubua. Muuguzi naye anatuhonga kikombe cha kahawa kwa kila hatua kumi. Mimi si mbwa. Irudisheni benchi.

Mwanao Tauno

Kuhmo, 3 Machi

Tauno,

U mzima? Naona mkono una nguvu kuliko mguu. Benchi hairudi. Nani ataipanda? Wewe, unayelishwa kitandani? Usinichekeshe.

Mama yako

Helsinki, 29 Aprili

Mama,

Hujambo? Leo nimepanda ghorofa tatu bila magongo. Paja linavuja damu. Daktari kanipigapiga begani mbele ya wenzangu, eti hotuba yake imeniingia. Mjinga yule! Nimemwacha na furaha yake. Nakuja Jumamosi, tarehe 12 Mei. Nikiikuta benchi chini, naipasua kuni.

Mwanao Tauno

Kuhmo, 4 Mei

Mwanangu Tauno,

Pole na paja. Kabla hujafika, ujue: benchi hatukuishusha kwa ajili yako, wewe uliyejiona peke yako ndiye mwenye shida ya mguu duniani. Baba yako alipooza upande mmoja Januari. Alinikataza kukuandikia, huruma ya mtu aliyelala haitaki, alisema. Nilipomsomea barua yako ya kudai benchi alicheka mpaka akalia, akasema, "Mwache afikiri hivyo hivyo." Kila Jumamosi anakaa chini na watoto wa jirani, ananitia uchungu.

Jana nilimwambia umepanda ghorofa tatu. Akauliza kama unaweza kupanda benchi ya juu na mzigo. Yeye mwenyewe ana kilo sabini. Mimi nimejaribu, simwezi.

Mama yako